Kasula ya Mahindi

Mwezi uliopita nilisafiri kwenda Songea kwenye jubilei ya Padre Gervas, miaka thelathini ya upadre. Nilikaa benchi la nyuma karibu na mlango, kama mtu anayetaka kutoka bila kuonekana. Watoto walileta vipaji wakicheza, mmoja amebeba ungo wa mahindi, mwingine kibuyu cha togwa, na padre mwenyewe alikuwa amevaa kasula, lile vazi la juu la misa, iliyodariziwa mahindi na ulezi kwa mashine kuanzia shingoni hadi kwenye pindo. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akaninong'oneza, "Siku hizi wana ubunifu, eti? Zamani ilikuwa zabibu tu." Nikaitikia kwa kichwa. Kabla ya komunyo nilitoka nje, nikasimama kwenye ua wa kanisa, milima ya Matogoro mbele yangu, nikalia kilio cha mtu mzima, kile kisicho na sauti. Nilikuwa nimefika pale kushangilia, na nilikuwa nimevaa gauni langu zuri. Lakini kuna mambo ambayo mtu anadhani ameyazika, kumbe ameyafunika tu.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa nimekuja Lizaboni, mtaa wa Songea, kujifunza ushonaji kwa Mama Fortunata. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Foleni za sabuni zilikuwa zimekwisha, maduka yamejaa, na marobota ya mitumba yalifunguliwa sokoni watu wakiyavamia kama siafu. Kila robota lililofunguliwa liliondoa wateja mlangoni kwetu. "Nani atanisubiri wiki mbili nimshonee gauni," Mama Fortunata alikuwa akisema huku akipuliza makaa ndani ya pasi, "wakati kwenye fungu anaokota la Ulaya lenye kola ya lesi?" Kilichobaki ni kanisa. Vitambaa vya altare, kanzu za watumishi, stola za mapadre, zile za kuvaa shingoni, vyote vilipita mikononi mwake tangu enzi za masista waliomfundisha kudarizi. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa cha kazi: cherehani dirishani, meza ndefu ya kukatia, picha ya Moyo Mtakatifu juu ya mlango, na harufu ya mafuta ya cherehani iliyochanganyika na moshi wa pasi. Nyuma yake kulikuwa na chumba cha kati chenye dirisha moja dogo. Kuta zake za mbao hazikufika kwenye paa, hivyo neno lolote lililosemwa upande mmoja lilisikika upande wa pili. Chumba hicho kilikuwa changu peke yangu mpaka mwezi wa tatu.

Mwezi wa tatu, mvua ikiwa bado inapiga, lori la mahindi lilisimama barabarani na dereva akamteremsha mwanamke kwa kumbeba mikononi, kama mtu anavyoteremsha kitu cha udongo. Alikuwa Sesilia, mtoto pekee wa Mama Fortunata. Kwa miaka saba alikuwa Makambako akiishi na mfanyabiashara aliyekuwa na mke mwingine, bila ndoa ya kanisa. Mtu huyo alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na ndugu zake wakamfungia Sesilia mlango. Alikuwa na miaka ishirini na saba na uzito wa mtoto wa darasa la nne. Mama yake hakupiga yowe. Alisimama na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, vilevile alivyokuwa akimtazama mteja kabla ya kumpima, kisha akasema, "Ingia ndani, mwanangu. Uji upo." Hakuna aliyeutaja ugonjwa ule kwa jina, si siku hiyo wala baadaye. Majirani waliuita "ugonjwa wa siku hizi", na walipoutaja walishusha sauti na kuutazama mlango wetu.

Nililala naye chumba kimoja, vitanda viwili vya kamba vikiwa vimeachana kwa upana wa mkono. Niliogopa. Nasema hivyo leo bila kujitetea, maana wakati ule hakuna aliyetueleza lolote, na hofu ilijieleza yenyewe. Nyumba ilikuwa na vikombe vinne vya bati vinavyofanana. Kimoja nilikikwaruza kwa ncha ya mkasi chini ya kitako, alama ndogo ya nyota, ili nijue changu na nisinywe kingine hata kwa bahati mbaya. Nilidhani hakuna ajuaye. Asubuhi moja Sesilia alikinyanyua kikombe changu mezani, akakigeuza, akaitazama ile nyota. "Umechora vizuri, Edi," akasema. "Pembe zote zimelingana." Akacheka mpaka akakohoa. Hakuligusia tena. Nimetukanwa mara nyingi katika maisha yangu, lakini hakuna tusi lililoniingia kama sifa ile.

Yeye ndiye aliyekuwa na mkono wa kuchora. Tangu akiwa shule ya msingi, michoro mingi ambayo watu waliisifia kwenye kazi za mama yake ilikuwa ya kwake. Mama alikuwa na sindano, binti alikuwa na jicho. Alipokwenda Makambako, Mama Fortunata alirudia michoro ileile ya zamani mpaka karatasi zake zikachanika kwenye mikunjo.

Mwezi wa nne akaja Gervas. Wakati huo alikuwa shemasi, amebakiza miezi mitatu kupata upadre, na kamati ya kigango chetu ilikuwa imemwomba Mama Fortunata amshonee kasula ya misa yake ya kwanza. Alikuja kupimwa. Alisimama katikati ya chumba amenyoosha mikono, kijana mrefu mwenye aibu, na Mama Fortunata alikuwa anasoma futi nami naandika, ndipo sauti ikatoka chumba cha kati.

"Ni Gervas huyo? Yule aliyekuwa akiangalizia hesabu zangu?"

Walikuwa wamekaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Gervas alishusha mikono, akamtazama Mama Fortunata, naye akampisha. Akaingia. Mimi na mama tukabaki na futi yetu, tukijifanya hatusikii.

Waliongea kwanza habari za mwalimu wao mmoja aliyekuwa na fimbo ya mwanzi. Kisha Sesilia akasema, "Niungamishe basi, maadamu umekuja."

"Siwezi, Sesi. Mimi ni shemasi. Naweza kubatiza, naweza kuzika. Kuondolea dhambi bado."

"Kuzika unaweza?" Akacheka. "Wamekuanzishia upande usiofaa."

"Nitamwambia paroko aje."

"Paroko ameshasema. Kwanza nisimame Jumapili mbele ya watu, niombe radhi kwa mfano mbaya niliotoa. Gervas, miguu ya kusimamia sina. Na hata ningekuwa nayo, nisingesimama ili Mzee Longino na kamati yake wanitazame." Tukasikia kamba za kitanda zikilia. "Lini utakuwa unaweza?"

"Mwezi wa saba, Mungu akipenda."

"Nitakusubiri. Uje umeshiba, maana ninazo nyingi."

"Nitakuja kwako kabla sijamwungamisha mtu mwingine yeyote," akasema Gervas. Alipotoka hakutuaga vizuri. Alisahau hata kofia yake juu ya cherehani.

Siku hiyohiyo Sesilia akaomba karatasi. Nikamletea ile tuliyokuwa tukikatia ruwaza, karatasi ya mfuko wa saruji, na penseli. Akauliza mgongoni kutawekwa nini.

"Zabibu na ngano," akasema mama yake. "Kama kawaida."

"Mama, umewahi kuona zabibu?"

"Kwenye picha."

"Na mimi kwenye picha. Na Gervas kwenye picha. Sasa watu wa hapa wakitazama mgongo wake wataona chakula cha nani?"

"Usianze. Kristo hakusema yeye ni hindi."

"Alisema na watu waliokula ngano. Je, angezaliwa Maposeni?"

Mama Fortunata alikuwa amejaza pini mdomoni. Alizitoa moja moja. "Angezaliwa Maposeni," akasema, "mama yake angemfundisha kwanza kutobishana na wakubwa." Lakini wiki iliyofuata, alipotoka shambani kwake huko Maposeni, alirudi na mmea mzima wa mhindi umefungwa kwenye kanga, mizizi na udongo wake, mahindi mawili yakiwa bado na nywele, na mharage ukiwa umeuzunguka kuanzia chini hadi juu jinsi inavyokuwa vikipandwa pamoja. Akausimamisha ndani ya beseni kando ya kitanda cha binti yake.

Sesilia aliuchora kwa wiki tatu. Kuna siku aliweza kushika penseli kwa dakika chache tu, kisha mkono ukaanguka juu ya blanketi. Bua ndilo lililokuwa mti wa msalaba. Majani mawili makubwa yalinyooka huku na huku yakawa mikono yake, na mharage ukapanda ukiyafunga pamoja, maua yake meupe yakiwa mahali pa misumari. Chini kulikuwa na mizizi, yote, hata ile midogo kama uzi. Mimi nilikuwa nimesoma katekisimu, nilijua majibu kwa mpangilio, lakini sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kumtafuta Mungu kwa penseli, tena kwa haraka, kama mtu anayechakura majivu akitafuta kaa moja lililo hai. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajitesa. Alinitazama kana kwamba swali lenyewe ni la mtu aliyeshiba. "Meza ya Bwana wamenifungia, Edi," akasema. "Basi nitapanda altareni mgongoni mwa Gervas."

Tukadarizi mwezi wa tano na mwezi wa sita, mimi na mama. Baridi ilishuka kutoka Matogoro na vidole vikawa vigumu, tukawa tunavipasha kwenye pasi. Kila jioni kabla jua halijazama tulibeba kitambaa hadi kitandani kwa Sesilia akikague. "Jani la hindi halinyooki kama kisu," alikuwa akiniambia. "Linachoka katikati. Lifumue." Nikalifumua. Nililifumua jani lile mara nne, na ya tano akaligusa kwa kidole na kusema, "Hapo. Sasa lina njaa." Tulikula chumbani kwake, sinia likiwa juu ya kigoda, ugali wa dona na likolo, hiyo ndiyo mboga ya majani kwa lugha ya nyumbani kwao, na siku nyingine dagaa wa Nyasa. Yeye koo lilikuwa limejaa vidonda. Mama alimnywesha togwa kwa kijiko, na nusu ya kila kijiko ilirudi. Asubuhi, kabla ya kufungua dirisha la mbele, Mama Fortunata alikuwa akisimama chini ya ile picha na kusali, naye alisali kama mtu anayegombea bei sokoni. "Mpe mpaka mwezi wa saba," nilimsikia. "Siombi apone. Nimeacha kuomba hilo. Mwezi wa saba tu, aongee na Gervas, halafu mchukue. Wewe unazo siku ngapi? Unashindwa nini?" Siku moja hakumaliza. Alipiga kofi kwenye mbao za ukuta, akaenda kukoka moto.

Katikati ya mwezi wa sita wakaja watu wa kamati kutazama kazi. Walikuwa wawili. Mzee Longino, mwenyekiti wa kigango, alikuwa na lori na duka jipya la mitumba. Mwingine alikuwa katekista Benedikti, mtu mpole mwenye suti moja. Niliwaamkia, nikaleta chai. Mama Fortunata akaitandaza kasula mezani mgongo ukiwa juu.

Katekista aliinama. "Maharage haya yanatambaa kweli," akasema, akayafuata kwa kidole kutoka kwenye mizizi hadi kwenye ua la juu.

Mzee Longino alikuna kidevu. "Mimi nimezoea zabibu," akasema. "Lakini kwa kweli… kwa kweli ni kazi. Paroko atasemaje sijui. Lakini baba yangu alikuwa mtu wa mahindi." Naye akaweka kiganja chake juu ya jani, lile jani langu.

"Mama," akauliza katekista, "mchoro huu umeutoa kitabu gani?"

Mama Fortunata alifungua mdomo. Nimejiuliza kwa miaka thelathini alitaka kusema nini, maana mimi ndiye niliyejibu. Nilikuwa nimesimama na birika mkononi, nimejaa fahari hadi kooni. "Hakuna kitabu," nikasema. "Kachora dada Sesilia."

Mzee Longino aliuondoa mkono. Hakuuondoa kwa haraka. Aliuondoa, akautazama, kisha akaupangusa kwenye suruali. Katekista aliweka kikombe chake mezani akiwa hajanywa. Waliongea kidogo habari za turubai na za mpunga wa sherehe, wakaaga. Baada ya siku tatu ukaja ujumbe kwamba kamati imetafakari na kuona mahindi hayafai kwa ibada, na kwamba Mzee Longino anasafiri Dar es Salaam, atanunua kasula iliyoshonwa tayari, ya ng'ambo. Kuhusu kazi iliyofanyika, mama anaweza kuitumia apendavyo, hata kwa pazia.

Mama Fortunata hakunigombeza. Ningependa angenipiga. Niliingia chumba cha kati kwa sababu sikuwa na pengine pa kujificha, na Sesilia, ambaye alikuwa amesikia kila kitu juu ya ukuta, tangu siku ya chai hadi siku ya ujumbe, alikuwa ameelekea mbao. "Usilie, Edi," akasema bila kugeuka. "Ulisema kweli." Hakukuwa na neno jingine ambalo lingeweza kunihukumu vibaya zaidi. Nilikuwa nimesema kweli kwa sababu nilitaka nionekane ni wa nyumba yenye kipaji, mimi niliyeweka nyota kwenye kikombe. Naye ndiye aliyelipa.

Hakushika tena penseli. Mama aliendelea kudarizi. Nilimwambia, "Mama, kwa ajili ya nani sasa?" Akasema, "Namalizia." Alimaliza punje ya mwisho Jumanne moja mchana, akakata uzi kwa meno. Kesho yake asubuhi Sesilia alianza kupumua kwa kuvuta. Mama alimtuma jirani akimbie kwa paroko. Akarudi akisema paroko yuko vigango vya mbali, hatarudi hadi Ijumaa. Gervas alikuwa mafungoni na wenzake, mahali ambapo habari za nje hazikuingia. Zilikuwa zimebaki siku kumi kabla ya upadrisho wake. Yapata saa nne, jua likiwa limefika kwenye miguu ya kitanda, Sesilia alifumbua macho akaniuliza, "Leo tarehe ngapi?" Nikamwambia. Alihesabu. Niliona midomo yake ikihesabu. "Nimejitahidi," akasema. Akafumba macho, na kabla uji haujapoa mama yake alikuwa anamfunga kidevu kwa kitambaa.

Wanawake wa jumuiya walikuja wakajaa uani, lakini ilipofika kumwosha hakuna aliyeingia. Nilimwosha mimi na mama yake, kwa mikono mitupu. Sisemi hivyo ili nisifiwe. Nilikuwa nimechelewa.

Katekista Benedikti alikuja alasiri, akasimama mlangoni na kofia mkononi. "Mama, pole sana," akasema. "Unajua hali yake kanisani. Hakuwa amerudi kundini. Mimi sina ruhusa ya kuongoza ibada. Mikono yangu imefungwa."

"Nimekusikia, Benedikti."

"Na nimeambiwa unataka kumzika na ile kasula. Mama, hilo ni vazi la misa."

"Limebarikiwa?"

"Hapana, lakini lina msalaba kifuani."

Mama Fortunata akaichukua kasula, akaketi kwenye kiti chake cha dirishani, akageuza upande wa mbele, ambako alikuwa amedarizi msalaba mdogo wa uzi wa dhahabu, na akaanza kuufumua. Aliufumua kwa ncha ya sindano, mshono baada ya mshono, huku katekista amesimama palepale. Ilichukua muda mrefu. Nyuzi zilianguka kwenye mapaja yake. Alipomaliza alikung'uta sketi, akasema, "Sasa ni kitambaa. Mwanangu hana gauni. Unaniruhusu nimshonee gauni?" Katekista akavaa kofia yake, akatoka. Mama akanipa mkasi. Tulipunguza mabega, tukafunga pembeni, tukatia mikono. Niliendesha cherehani mimi, na uani watu walisikia mlio wake, wakanyamaza. Tulimzika kesho yake bila kengele na bila padre, mahindi yakiwa mgongoni, yameelekea udongo. Mwanamke mmoja mzee wa jumuiya akasema, "Rozari haihitaji ruhusa ya mtu," akaianzisha, na wengine wakaipokea. Nilipoinua macho nilimwona katekista Benedikti amesimama nje ya ua wa minyaa, kichwa wazi, midomo yake ikienda pamoja na yetu.

Kwenye misa ya kwanza nilikwenda peke yangu. Mama Fortunata alisema ana kazi, naye hakuwa na kazi. Kasula ya Dar es Salaam ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Iling'aa, na zabibu zake zilikuwa za rangi ya damu ya mzee. Gervas alisali vizuri, na mara mbili nilimwona akitafuta mtu kati ya wanawake. Ndipo nikaelewa kwamba hajaambiwa. Baadaye nilisikia ndugu zake walikubaliana wasimharibie siku yake. Watu walipopanga mstari kupokea baraka ya padre mpya, wakipiga magoti na kubusu viganja vyake, mimi nilikimbia nyumbani.

Alikuja saa tisa, kwa miguu, amevaa kanzu nyeupe, vumbi hadi kwenye magoti, ametoka kwenye turubai la sherehe kabla ya kula. Alipiga hodi. Mama Fortunata alisimama, na kwa mara ya kwanza hakumsubiri amwamkie.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele, amina. Shikamoo, mama." Akatabasamu, mkono mfukoni. "Nimekuja kwa Sesi. Nilimwahidi."

Mama alikwenda akafungua mlango wa chumba cha kati, akausukuma mpaka ukagonga mbao. Kitanda kilikuwa kamba tupu. Godoro tulikuwa tumelichoma. Gervas alisimama kwenye kizingiti. Kisha akaingia, akavuta kigoda tulichokuwa tukiwekea sinia, akaketi kando ya kitanda, akatoa stola mfukoni, akaibusu, akaivaa. Akainamisha kichwa upande mmoja, sikio likielekea kwenye kamba. Akakaa hivyo.

Mama Fortunata alirudi dirishani kwake. Mimi sikuwa nimepanga. Niliona tu miguu yangu inavuka kizingiti, magoti yangu yanafika kwenye sakafu, pale kati ya vitanda viwili, mahali palipokuwa na upana wa mkono. Hakunitazama. Nikamwambia habari za kikombe. Nikamwambia habari za birika na ulimi wangu, na jinsi Mzee Longino alivyopangusa kiganja. Nilimwambia pia kwamba siamini tena kama kuna anayesikia, kwamba mama aliomba siku kumi tu na akanyimwa. Hilo la mwisho hakulijibu. Hakunipa hata neno moja la kunifariji, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Alitoa kitabu kidogo, maana maneno ya kuondolea dhambi alikuwa bado hajayashika, akaanza kuyasoma, akapotea mstari, akarudi mwanzo, akapotea tena, machozi yakidondoka kwenye ukurasa, mpaka akafika mwisho. Alisahau kunipa kitubio. Nami sikumkumbusha.

Nilipotoka, Mama Fortunata alikuwa ameshaondoka dirishani. Alikuwa jikoni, amepiga magoti mbele ya mafiga, anapuliza.

"Amekula?" akaniuliza.

"Hajala, mama."

"Basi teka maji," akasema. "Tumsongee ugali."